Traki Nne, na Moja Imeshajaa

Muuzaji aliniambia mashine ya kurekodia muziki kwa kaseti "inafanya kazi". Nilipoichomeka kwenye umeme nikaelewa alichomaanisha: taa iliwaka. Kaseti haikuzunguka. Nilisikia mota ikinguruma ndani bila kuvuta chochote, na nilipofungua skrubu za chini nikakuta beliti ya mpira imeyeyuka, imekuwa kama lami, imegandamana kwenye magurudumu yote mawili. Nilitumia jioni mbili kuikwangua kwa vijiti vya pamba na spiriti, vidole vikabaki vyeusi siku kadhaa. Beliti mpya yenyewe ilinichukua dakika kumi kuiweka.

Nimeanza na lami hiyo kwa sababu watu wakijua narekodi kwa kaseti huniuliza kwanza habari za "ule mlio mtamu". Mlio upo, nitaufikia. Ila anayetaka mashine hizi ajue kwamba atakuwa fundi kwanza, mwanamuziki baadaye, na kuna wiki ambazo zamu ya mwanamuziki haitafika kabisa.

Kwa asiyezijua: kaseti ya kawaida, ile ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ina utepe ambao upana wake haufiki milimita 4. Katika upana huo pleya ya stirio husoma traki (njia za sauti) mbili, na ukiigeuza kaseti husoma mbili nyingine zinazokwenda upande wa pili. Mwaka 1979 kampuni ya TASCAM wakatoa Portastudio 144, mashine ya kurekodia kwa kaseti, na wazo lao lilikuwa rahisi hadi linaudhi: soma traki zote nne kwa mwelekeo mmoja, kila moja kivyake, na uukimbize utepe kwa kasi maradufu, sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.76. Kasi hiyo huzipa sauti nyembamba za juu nafasi ya kutosha kwenye utepe. Gharama yake ni muda. C60, kaseti ya dakika 60, inakupa dakika 15 tu, kwa kuwa upande B umeshamezwa na kasi imeongezeka mara mbili.

Mwaka 1982 mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alitoa Nebraska, albamu aliyoirekodi nyumbani kwa mashine ya aina hiyo akidhani anatengeneza rasimu za kuwasikilizisha wanabendi wake. Hadithi hiyo ilinivuta, nami naikiri kwamba niliielewa vibaya. Niliamini mashine ndiyo iliyofanya kazi. Nilisahau kwamba mwenyewe alikaa mbele yake akiwa na nyimbo zilizokwisha kuandikwa.

Mimi sikuwa nazo. Nilikuwa na kompyuta yenye wimbo mmoja wa traki 47, kumi na moja kati ya hizo zikiwa gitaa lilelile lililopigwa kwa namna ambazo nilidhani zinatofautiana. Wimbo huo nilikuwa nao kwa miaka miwili. Kila nilipoufungua niliongeza kitu, sikupunguza kamwe, kwa sababu kompyuta haikuwahi kuniambia imetosha.

Kaseti ilinijibu siku ya kwanza. Nilirekodi ngoma ya kielektroniki kwenye traki 1, gitaa la mdundo kwenye 2, besi kwenye 3. Ikabaki moja, na bado nilikuwa sijaimba, sina sauti za kuitikia, sina gitaa la solo. Hapo ndipo unapokutana na kuhamisha. Unacheza traki 1, 2 na 3 kwa pamoja, unazichanganya kwa vidhibiti vya mashine, na mchanganyiko huo unaurekodi kwenye traki 4. Ukimaliza, tatu za mwanzo zinakuwa wazi, unaweza kuzirekodia mambo mapya. Ukiwa mjanja, wakati wa kuhamisha unaongeza ala ya nne moja kwa moja, inaingia kwenye mchanganyiko bila kulipa traki. Hesabu nilizozifanya kwenye karatasi zilinifikisha kwenye sehemu kumi: nne ndani ya traki 4, kisha tatu ndani ya 3, mbili ndani ya 2, na moja ya mwisho kwenye 1. Hakuna sehemu inayohamishwa zaidi ya mara moja. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Tatizo ni kwamba ukishaandika juu ya traki 1, 2 na 3, ule mchanganyiko wa traki 4 umekuwa kitu kimoja milele. Ngoma, gitaa na besi vimefungwa pamoja kama unga uliokwisha kukandwa. Wimbo wangu wa kwanza niliuhamisha usiku, nimechoka, nikisikiliza kwa hedifoni zinazotia chumvi kwenye besi. Kesho yake nikaimba juu yake. Wiki moja baadaye nikausikiliza kwenye spika na besi haikuwepo. Ilikuwepo kwa kuisaka tu, imejificha nyuma ya gitaa. Sauti niliyoimba ilikuwa nzuri, kwa kweli ilikuwa bora kuliko ninavyoimba kawaida, na ilikuwa imekaa juu ya muziki usio na miguu. Nilijaribu kuipandisha besi kwa kitufe cha sauti nene. Ikapanda pamoja na teke la ngoma na mvumo wa gitaa.

Tangu hapo nina desturi tatu ambazo sizivunji hata nikiwa na haraka. Nikihamisha, besi naiweka juu kidogo kuliko masikio yanavyotaka wakati huo, na sauti nyembamba naziongeza kiasi, kwa sababu kila kizazi cha nakala hula ncha za juu na kuongeza ile "shhh" ya utepe. Pili, mchanganyiko nausikiliza kwenye spika mbaya kabisa nyumbani, ile ya redio ndogo, kabla ya kukubali. Ya tatu ndiyo ngumu: usiku ule wa kuhamisha sirekodi chochote juu ya traki za zamani. Nalala kwanza. Asubuhi nikiukubali mchanganyiko, naandika juu. Nikiukataa, traki tatu bado zipo, narudia kuhamisha.

Jambo jingine ambalo sikuliona kwenye karatasi: kuhamisha traki ya 3 kwenda ya 4, zilizo jirani, kunaweza kuleta mlio wa kupasua masikio. Hedi, kile kipande kinachosoma na kuandika utepe, inarekodi traki 4 huku pembeni yake, umbali usiofika milimita moja, inasoma traki 3, sauti inavuja, inazunguka, inapiga kelele. Mara ya kwanza nilidhani mashine imekufa. Dawa yake ni kushusha traki ya jirani, au kuweka huko ala isiyo na sauti nyembamba nyingi. Besi hukaa vizuri pale. Ndiyo maana besi yangu karibu daima iko traki 3.

Rafiki yangu anayenipigia besi ndiye aliyeongeza kayamba wakati wa kuhamisha wimbo wa pili. Alilitikisa dakika nne nzima akiwa amesimama, na kwenye kiitikio cha mwisho akakohoa. Akaniangalia. Nikamwonyesha kwa mkono aendelee. Kikohozi kipo, kiko ndani ya traki 4 pamoja na vitu vingine vitatu, na sasa nikiusikiliza wimbo huo nakisubiri. Kwenye kompyuta ningekifuta kwa sekunde mbili, halafu ningeanza kufuta na pumzi zake, halafu ningesogeza kila tikiso la kayamba likae sawasawa, na wimbo ungeingia mwaka wa tatu.

Hiki ndicho kaseti ilichonifanyia, na kwa maoni yangu ni kikubwa kuliko mlio wowote. Inakulazimisha uamue mapema, uamuzi ukishafanyika ukae nao. Nilianza kufanya mazoezi ya nyimbo kabla ya kurekodi. Linasikika jambo la kawaida, lakini kwa miaka nilikuwa nimeacha. Nilikuwa narekodi ili nijue wimbo ukoje. Sasa nauimba hadi naujua, napanga kwenye karatasi kipi kinakwenda wapi, na nikibonyeza kitufe chekundu mikono ina kitu cha kusema. Hata macho yamepumzika. Kwenye skrini unaona kiitikio kinakuja, unaona mahali ulipokosea kabla hujapasikia. Mashine hii ina kihesabu cha namba tu, nacho hakipimi muda, kinahesabu mizunguko ya gurudumu. Kadiri gurudumu linavyojaa utepe, mzunguko mmoja unabeba sekunde nyingi zaidi, kwa hiyo namba 200 haiko mara mbili ya 100. Unajifunza kuujua wimbo kwa masikio.

Turudi kwenye ufundi. Uchafu ndio adui wa kwanza. Utepe ukipita kwenye hedi huacha vumbi la kahawia, na vumbi hilo likikaa, sauti nyembamba zinazama. Nasafisha hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe kabla ya kila siku ya kurekodi, kwa kijiti cha pamba na spiriti safi, ile yenye maji kidogo kabisa. Ile rola ya mpira inayobana utepe nayo nilikuwa naisafisha kwa spiriti hiyohiyo, kwa bidii kubwa, hadi muziki ukaanza kuyumba kama wa redio yenye betri zinazokwisha. Nilimpelekea mashine fundi mmoja mzee. Aliigusa rola kwa ukucha, akacheka.

"Mwanangu, mpira huu umeukausha mwenyewe."

"Kivipi, mzee?"

"Spiriti. Kila siku unauogesha spiriti. Mpira tumia maji na sabuni kidogo, ufute, basi."

Akanibadilishia rola. Nilipoondoka akanikumbusha pia kuziondolea hedi usumaku mara moja moja, kwa kile kifaa chenye ncha kinachochomekwa kwenye umeme, mashine ikiwa imezimwa na kaseti zote zikiwa mbali. Kaseti zikiwa karibu, kifaa hicho kitafuta kazi yako bila kukuuliza.

Kaseti zenyewe sina mengi ya kusema. Natumia za Aina ya Pili, zile za kromi, kwa sababu ndizo mashine nyingi za traki nne zilitengenezewa. C60 au C90. Za dakika 120 sizigusi, utepe wake ni mwembamba mno, unanyooka na kujisokota. Mwanzo wa kaseti una kipande kisicho na sumaku, kwa hiyo sogeza mbele sekunde chache kabla ya kuanza, la sivyo mdundo wa kwanza utarekodiwa hewani.

Kwenye kipunguza kelele nilipotea muda mrefu. Mashine nyingi za aina hii zina dbx, mfumo unaoibana sauti nusu kwa nusu wakati wa kurekodi na kuitanua wakati wa kusikiliza, na katika kutanua huko "shhh" inazama hadi karibu isisikike. Kwa ngoma na gitaa lenye nguvu hufanya kazi ajabu. Kwa gitaa pekee, noti moja moja na kimya katikati, nilisikia "shhh" ikipanda na kushuka pamoja na kila noti, kama mtu anayepumua nyuma yangu. Hedi chafu huzidisha hali hiyo, maana mfumo unatanua sauti ambayo si ile uliyoibana. Siku hizi wimbo mtulivu naurekodi nikiwa nimezima kipunguza kelele na naiacha "shhh" ikae pale, sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Masikio huizoea ndani ya nusu dakika. Kisichozoeleka ni kitu kinachokuja na kuondoka. Cha muhimu ni kuandika kwenye lebo: kasi gani, kipunguza kelele kimewashwa au kimezimwa. Nina kaseti moja niliyoiandika "wimbo mpya", na sitasema ilinigharimu muda gani.

Sasa, ule mlio. Ukiisukuma sauti juu kidogo kuliko kipimo kinavyopendekeza, utepe hauvunji sauti kwa ghafla kama kompyuta inavyofanya. Unaikunja pembe zake. Teke la ngoma linakuwa nene, besi inajaa. Lakini tasa na kayamba haviupendi mchezo huo, vinageuka mchanga. Na dbx ikiwa imewashwa, kusukuma huko kunaleta matatizo kuliko raha. Hivyo ndivyo ulivyo mlio mtamu: upo kwa ala kadhaa, kwa kiasi fulani, ukiwa umezima kitu ambacho wengi wanakiwasha. Sijaona kama unatosha kuwa sababu ya kununua mashine inayoyeyuka ndani.

Kosa langu kubwa kabisa lilitokana na mchezo mzuri kabisa wa mashine hizi. Kwa kuwa traki zote nne zinakwenda upande mmoja, ukiigeuza kaseti zote nne zinacheza kinyumenyume. Unaweza kupiga gitaa juu ya wimbo uliogeuzwa, kisha ukaigeuza kaseti tena, na gitaa lako linakuja likijivuta, noti zikianza kutoka mahali pasipo na kitu na kukatika pale zilipopaswa kuanza. Nililitaka hilo kwenye wimbo wangu wa nne. Sauti yangu ilikuwa traki 1, muziki 2 na 3, na traki 4 ilikuwa wazi. Karatasi ilisema hivyo, nami naiheshimu karatasi.

Nikageuza kaseti. Sauti yangu iliyogeuzwa ilikuwa ikinichanganya, kwa hiyo nikashusha kidhibiti cha traki 1 hadi chini. Nikaiweka traki 4 tayari kurekodi. Nikapiga gitaa karibu dakika tatu nikiwa nimefumba macho.

Ukiigeuza kaseti, utepe unageuka na namba zake. Kilichokuwa traki 1 sasa kinapita mbele ya sehemu ya 4 ya hedi, 2 inakuwa 3. Nilikuwa nimeshusha kidhibiti cha traki isiyo na kitu, nikanyamazisha ukimya, na nikarekodi gitaa juu ya sauti yangu. Nilipoirudisha kaseti upande wake nikabonyeza kucheza, nikasikia nikiimba mistari miwili ya kwanza. Katikati ya neno, sauti ikakatwa na gitaa likaingia likijivuta kutoka pasipojulikana, likaendelea hadi mwisho wa wimbo. Mistari miwili ilipona kwa sababu, katika kwenda kinyume, nilikuwa nimeacha kupiga kabla ya kuufikia mwanzo.

Nilikaa chini. Kisha nikafanya anachofanya kila mtu: nikarudisha nyuma na kusikiliza tena, kana kwamba utepe ungebadilisha mawazo.

Niliimba upya kwenye traki 4 mara tisa kwa wiki mbili. Hazikuwa mbaya. Mwishowe niliamua kuzihamisha traki zote kwenye kompyuta na kumaliza kazi huko, na hilo nalo lina somo lake. Mashine yangu ina matundu mawili tu ya kutolea sauti, kushoto na kulia, kwa hiyo nilihamisha traki mbili kwanza, nikarudisha nyuma, nikahamisha mbili nyingine. Nilizipanga kwenye skrini kwa mdundo wa kwanza, zikaanza pamoja vizuri. Kufikia ubeti wa pili ngoma na besi zilikuwa zimeachana. Mota ya kaseti haikimbii sawa mara mbili. Ilinibidi nikate vipande na kuvisogeza kila baada ya mistari michache. Tangu hapo wimbo wa kuhamishia kwenye kompyuta nautoa kwa mashine ya kuazima yenye matundu manne, traki zote zinatoka mara moja. Tena mwanzo wa kila kaseti naweka noti ya A, mizunguko 440 kwa sekunde, sekunde kumi hivi. Ikichezwa kwenye mashine nyingine yenye kasi iliyopishana kidogo, nazungusha kidhibiti cha kasi hadi noti hiyo ikae sawa, na ala zote zinakaa.

Wakati wa kukata na kusogeza vile vipande nilimwita rafiki yangu wa besi asikilize. Nilikuwa nimesahau kuinyamazisha traki 1, ile iliyoharibika. Akasikia mistari miwili, sauti ikikatika, gitaa likiingia kinyumenyume mahali pa neno.

"Iache hapo hapo," akasema.

"Hilo ni kosa, kaka. Nilijirekodia juu."

"Najua. Iache."

Tuliifuta ile sauti ya mara ya tisa. Wimbo una mistari miwili ya maneno na dakika tatu za gitaa, na ni mmoja kati ya wachache niliowahi kuumaliza. Kaseti yake iko kwenye boksi, lebo imeandikwa kasi, kipunguza kelele na tarehe. Nimeivunja vijino vyote viwili vya kuzuia kurekodi, cha upande A na cha upande B pia, maana kaseti ikigeuzwa mashine huangalia kijino cha pili, na mkono wangu naujua.